Tundu Kwenye Dakika

Barua ya Paramaribo iliingia Danzig
ikinuka siki na moshi: bandarini waliifukiza kwanza,
wakiogopa tauni iliyojificha kwenye mikunjo.
Miezi kumi na minne njiani.
Mjomba Gotthard alinawa mikono kama anayekwenda mezani,
akabandua lakiri, akaniita:
"Kordula, soma. Polepole."

Mimi ndiye macho yake ya karibu.
Ya mbali anayo bado; herufi ndizo zilizomkimbia.

Waraka ni nusu ya kuonana.
Nikamsomea nusu hiyo.
Daktari Verhulsdonck anasalimu. Homa imempungua.
Huko mvua hainyeshi, humwagwa.
Amemzika mtoto wa pili: mstari mmoja,
kisha mistari arobaini juu ya Mshtarii,
jinsi alivyoisimamisha darubini juu ya mapipa ya sukari,
jinsi mbu walivyomla shingo asithubutu kupepesa,
jinsi Afiba, mjakazi wake, alivyoketi kando ya saa
akitaja kila pigo kwa sauti, kwa hesabu ya kwao,
hadi mwezi wa kwanza wa Mshtarii
ulipozama kivulini, ukazimika
kama utambi uliofinywa.

Na usiku huohuo, pigo hilohilo,
mjomba alikuwa juu ya paa letu, barafu kwenye ndevu,
akiuona mwezi uleule ukizimika.
Toa saa ya huyu kwenye saa ya yule,
utapata upana wa bahari.

Nikaifikia namba.
Saa nane tangu adhuhuri, dakika kumi na
"Na ngapi?"
Na tundu, mjomba.

Mdudu wa nchi za joto, asiyejua kusoma,
alikuwa amekula hapo tu, duara safi,
akabakiza kimguu kimoja cha wino:
mguu wa moja, au wa saba. Tisa pia ina mguu.
Kati ya moja na saba, dakika sita;
dakika sita za mbingu ni digrii moja na nusu ya dunia,
mwendo wa siku nzima kwa tanga,
nafasi ya kutosha kupotezea meli na waliomo.

Tukaandika kuuliza. Swali lilikuwa neno moja
lakini niliamriwa kulijazia ukurasa wa adabu.
Kisha misimu miwili ya baridi.
Mjomba alizoea kuiinua ile karatasi dirishani,
mwanga ukapenya tunduni, ukatua shavuni mwake,
kijinyota ambacho hakimo katika orodha yoyote.

Jibu lilikuja na shehena ya sukari.
Mheshimiwa Bwana, anaandika daktari,
daftari langu lilioza kwenye mafuriko.
Namba unayoitafuta hakuwa nayo mtu ila Afiba;
alichokihesabu hakisahau,
usiku ule angeweza kuurudia wote, pigo baada ya pigo.
Bahati mbaya nilimuuza mwezi Machi
kwa shamba moja huko juu mtoni, sijui lipi sasa,
kwa florini mia mbili na kumi na saba.

Hiyo niliisoma bila kukwama.
Mwandiko ulikuwa wazi. Mdudu hakuigusa.

Mjomba aliomba niirudie.
Mia mbili na kumi na saba.
Akaitazama mikono yake kwa muda.
"Andika moja," akasema.
"Moja ndiyo inayokaribia hesabu zangu."
Nikachovya kalamu.

Jedwali lilichapwa theluji ilipoyeyuka.
Namba mia tatu, zimenyooka safu kwa safu,
na katikati yake duara dogo, tupu.
Mchapaji alidhani ni sifuri, akaja kuniuliza.
Siyo sifuri, nikamwambia. Liache hivyohivyo.

Jioni hiyo mjomba alipitisha kidole
juu ya ukurasa wote, mstari kwa mstari.
Pale kilikawia, au nilidhani kilikawia.
Kisha akaomba supu.